Kazi ya Kulipwa Hospitalini Wakati Bado Unasoma: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Afya wa Lubumbashi

Mwanafunzi wa ITM, shule ya sekondari ya afya, au wa ISTM, chuo cha juu cha afya, hapa Lubumbashi huingia wodini kwa mara ya kwanza baada ya kulipa. Familia imetafuta pesa ya staji, yaani mafunzo ya vitendo, imeshonesha bluzi nyeupe, imenunua saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, na kila asubuhi inatoa tena nauli ya taksibasi. Siku anaposikia kwamba kuna kliniki inayowalipa wanafunzi, hukimbilia huko bila kuuliza maswali mengi, na mimi simlaumu, kwa maana anayesoma huku nyumbani wanahesabu kila faranga hana nafasi kubwa ya kuchagua. Nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Leo ni muuguzi na ninawapokea wanafunzi wodini, na nimeandika mwongozo huu ili anayetafuta kazi hiyo aipate, alipwe, na amalize masomo bila kumdhuru mgonjwa wala kudhurika yeye mwenyewe.

Hatua ya kwanza: tenganisha staji na kazi

Staji ya shule ni sehemu ya masomo. Imo katika programu, ina daftari lake, ina msimamizi anayetia sahihi, na alama zake hurudi shuleni. Kazi ina mwajiri, saa zilizopangwa, majukumu yaliyotajwa, malipo na siku ya kulipwa. Vitu hivi viwili vinaweza kufanyika katika jengo moja, hata katika wodi moja, lakini visichanganywe: saa ulizolipwa usiziandike katika daftari la staji isipokuwa shule imekubali kwa maandishi, na saa za staji usizidai malipo. Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu ndipo hila nyingi huanzia. Zipo nyumba za tiba ambazo hukuita muuguzi wakati wa kukupa kazi na kukuita mwanafunzi wa staji wakati wa kukulipa, na kijana ambaye hakujua tangu mwanzo aliingia kwa mlango upi hana la kujibu.

Kuna pia staji ya kitaaluma, ambayo hufanywa na mtu aliyekwisha kupata diploma ili azoee kazi. Hiyo ni habari nyingine, ingawa mengi nitakayosema hapa chini yanamfaa naye.

Hatua ya pili: jua unachoruhusiwa kufanya kwa kiwango chako

Hapa ninaomba usome polepole. Mtu aliyemaliza ITM akapata diploma ya A2, ya ngazi ya sekondari, kisha akaendelea na masomo ya A1, ya ngazi ya juu, katika ISTM, ni mwanafunzi, lakini ni muuguzi tayari. Anaweza kuajiriwa kama muuguzi A2, mradi amejiandikisha katika Chama cha Wauguzi, yaani ule mfumo wa taaluma ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mtu kama huyo asikubali kulipwa kama msaidizi eti kwa sababu bado anaenda darasani, kwani diploma yake haikufutwa siku alipojiandikisha tena shuleni.

Aliyeingia ISTM au kitivo cha tiba moja kwa moja kutoka sekondari ya kawaida, pamoja na yule ambaye bado yuko ITM, bado hana diploma ya afya. Kwake kazi halali za kulipwa zipo, na si chache: kusukuma machela, kupokea wagonjwa na kuandika rejista, kumsaidia muuguzi kuwaogesha na kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, kupima joto na shinikizo la damu na kumpelekea muuguzi namba alizopata, kuosha na kutayarisha vifaa vya kutakaswa, kupanga dawa katika ghala la famasia, kuingiza takwimu za mwezi katika kompyuta. Mwanafunzi wa maabara anaweza kulipwa kwa kuosha vioo na kupaka damu ya kipimo cha malaria, lakini jibu linasomwa na kutiwa sahihi na fundi mwenye diploma. Wengine hudharau kazi hizi. Mimi nilijifunza kumtambua mgonjwa anayezidiwa nikiwa msukuma machela, kabla sijafundishwa neno lolote la Kifaransa la hali hiyo.

Yasiyoruhusiwa ni haya: kuachwa zamu ya usiku peke yako, kuamua dawa, kuanzisha damu ya kuongezwa, kumzalisha mama bila mkunga kuwapo, kutoa dawa ya usingizi. Usidanganywe kwamba huko ndiko kupata uzoefu wa haraka. Nikiwa mwaka wa pili nilikubali zamu za usiku katika kliniki moja ndogo ya mtaani, ambako niliambiwa kwamba muuguzi mwenye diploma angekuwapo na kwamba mimi nitamsaidia tu. Usiku wa tatu muuguzi hakuja. Saa nane za usiku baba mmoja alileta mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, anayetetemeka mwili mzima. Nilipiga simu mara nyingi bila kupokewa. Sikujua kwamba mtoto wa namna ile lazima apimwe sukari ya damu papo hapo, kwa kuwa kushuka kwa sukari kunaweza kuwa ndiko kunakomtetemesha na kunaweza kumwua. Nilisimama na kipimajoto mkononi. Mlinzi wa lango ndiye aliyetafuta pikipiki, tukampeleka mtoto katika hospitali kubwa, akapona. Mwisho wa mwezi pesa niliyoahidiwa haikutolewa, na nilipoidai niliulizwa karatasi yangu iko wapi. Sikuwa nayo. Lakini hata leo kinachoniuma zaidi ni ule usiku kuliko ile pesa, kwa sababu baba yule alipoiona bluzi yangu aliamini kwamba amefika kwa mganga.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwajiri yeyote, kabla ya lile la malipo, ni hili: nani mwenye diploma atakuwapo ndani ya jengo kila saa nitakayokuwa kazini? Akijibu kwamba yupo kwa simu, ondoka kwa heshima.

Hatua ya tatu: chagua mlango wa kugonga

Hospitali kubwa za serikali, kama Jason Sendwe, na vilevile Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hufundisha vizuri kwa sababu zinapokea wagonjwa wa kila namna, lakini kwa mwanafunzi anayetafuta malipo ni milango migumu. Wafanyakazi wake wenyewe wengi husubiri matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, au huishi kwa prime, yaani posho, na wodi zimejaa wanafunzi wa staji ambao kazi zao hazigharimu kitu. Nenda kule kwa ajili ya elimu. Hospitali za mashirika, kama zile za Gécamines, shirika la madini, na za SNCC, shirika la reli, na zahanati za kampuni za migodi zina utaratibu wa maandishi, na ukisikia nafasi huko peleka faili lako hata kama huna ndugu ndani.

Kwa maoni yangu, nafasi nzuri zaidi ya mwanafunzi iko katika hospitali na vituo vya afya vya ukubwa wa kati, vya makanisa au vya watu binafsi, vyenye daktari anayekuwapo kila siku na wauguzi wa kutosha kugawana zamu. Chunguza kwanza kwa macho yako. Pita pale asubuhi, uone kama kuna orodha ya zamu ukutani, kama kuna maji kwenye beseni la kunawia, kama masanduku ya sindano yamejaa hadi kumwagika. Waulize wanaofanya kazi pale kama walilipwa mwezi uliopita. Uliza pia kama kituo kinajulikana katika ofisi ya zoni ya afya, maana kisichopeleka ripoti zake huko hakisimamiwi na mtu.

Mlango ulio karibu kuliko yote, hata hivyo, ni staji yako ya sasa. Mkuu wa wauguzi, yule tunayemwita DN, hukumbuka mwanafunzi aliyefika kabla ya saa moja na nusu, aliyemaliza kuandika kadi zake, na ambaye hakumwacha mzee wa kitanda cha pembeni amelala katika uchafu. Zamu za wikendi zinapokosa msaidizi, jina lake ndilo hutajwa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huifuata bila kusema, yaani kumtunza mgonjwa nyumbani kwa malipo ya familia. Kumlisha mzee aliyepooza, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumsafisha, kumkumbusha dawa alizoandikiwa: hayo ni kazi nzuri na ya heshima. Kumtundikia serumu, yaani dripu, sebuleni kwa kuwa jirani amesema ana upungufu wa damu ni hatari, na jambo likiharibika utakuwa peke yako.

Hatua ya nne: tayarisha faili

Barua ya maombi huandikwa kwa Kifaransa, kwa daktari mkurugenzi, ukurasa mmoja usiozidi, ikitaja mwaka wako wa masomo, kazi unayoiomba na siku unazoweza kufika. Ambatisha maelezo yako mafupi, cheti cha shule kinachothibitisha kwamba unahudhuria, nakala ya kadi ya mwanafunzi na ya kadi ya mchaguzi, diploma kama unayo, cheti cha uzima wa mwili, na cheti cha mwenendo mwema kutoka komini ikiwa kimeombwa. Toa nakala peke yake, vyeti halisi vibaki nyumbani. Unapoipeleka sekretarieti, beba nakala ya pili ya barua na uombe igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Wala usilipe pesa yoyote ya kufungua faili, kwani anayekutoza kabla ya kukuajiri hatakulipa baada ya kukuajiri.

Hatua ya tano: zungumza, kisha mwandikiane

Kanuni za Kazi za nchi yetu ya Kongo (Code du travail), yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mkataba wa kazi uwe wa maandishi, na inasema kwamba pasipo maandishi mkataba huchukuliwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma. Inasema pia jambo ambalo vibarua wengi hawalijui: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiwa amefanya siku 22 katika kipindi cha miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Marekebisho ya 2016 yaliweka miaka 18 kuwa umri wa mtu kujifunga kwa mkataba wa kazi, kwa hiyo mwanafunzi wa ITM ambaye hajaufikia asitie sahihi mwenyewe kwa siri ya wazazi wake.

Wengi wetu tulilelewa kuona haya kumtajia mkubwa habari ya pesa, na waajiri wabaya huitegemea haya hiyo. Unaweza kuwa na adabu na bado ukasema wazi. Sema hivi: «Papa Daktari, ninashukuru kwa kunipokea. Kabla sijaanza, ninaomba tuandike kazi zangu, saa zangu na siku ya malipo, ili nisije nikakusumbua baadaye.» Daktari mwenye nia njema hataudhika. Ikiwa mkurugenzi ni mama, anza na «Mama Daktari», na maneno mengine ni yale yale.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Iseme kwa mfano kwamba mwanafunzi atafanya zamu 8 kwa mwezi, za saa 8 kila moja, akiwa chini ya muuguzi mwenye diploma aliyepo jengoni; kwamba kazi zake ni hizi na hizi; kwamba atalipwa kiasi fulani kwa kila zamu, kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata; kwamba hatapangiwa zamu katika majuma ya mitihani, ambayo tarehe zake ataziwasilisha mapema; na kwamba akijichoma sindano kazini, matibabu yatagharimiwa na nyumba hiyo ya tiba. Kama malipo yanatajwa kwa dola lakini yanatolewa kwa faranga, iandikwe ni kwa kiwango cha siku ipi, cha benki au cha kambisti, mbadili pesa wa barabarani, kwa sababu tofauti hiyo peke yake inaweza kula nauli yako ya juma zima. Kama yanapitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, iandikwe nani anabeba gharama ya kutuma. Kwa zamu ya usiku, omba chakula, na omba ruhusa ya kubaki hadi kupambazuke. Mtu anayemalizia zamu saa tano za usiku akaelekea Katuba au Ruashi peke yake kwa miguu hajapewa kazi, amepewa hatari.

Hesabu pia nguvu zako. Nimewaona wanafunzi walioanza na zamu mbili kwa juma wakafika tano, wakalala darasani, wakarudia mwaka, na ada ya mwaka ule wa pili ikameza kila walichokipata na zaidi.

Hatua ya sita: linda mwili wako kabla ya siku ya kwanza

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi 3, mwezi wa kuanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Anza kabla ya kazi, hata kama itakubidi ununue dozi ya kwanza kwa mkopo kutoka kwa yaya yako, yaani ndugu yako mkubwa. Asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyomgusa mwenye virusi hivyo yuko katika hatari kubwa kuliko ile ya VVU: kwa VVU uwezekano ni kama 0.3%, na kwa homa ya ini B unaweza kufika 30% pale virusi vinapokuwa vingi katika damu ya mgonjwa.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake. Inatupwa palepale katika sanduku la sindano, na sanduku linafungwa likijaa robo tatu, bila kusukumizwa. Ukichomwa, osha mahali hapo mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kukamua na bila kupaka klorini, kisha mwambie muuguzi wa zamu saa ileile. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya saa 2, na zisizidi saa 72; humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Uliza siku ya kwanza dawa hizo zinawekwa wapi na nani ana ufunguo. Wanafunzi wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na katika yote niliyoyaona wodini hakuna kinachonisikitisha zaidi ya kijana aliyekuja kunieleza siku ya tano.

Mikono hunawiwa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, au kusuguliwa kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30, kabla na baada ya kila mgonjwa. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika Haut-Katanga, na umeme wa SNEL unapokatika pampu za maji nazo husimama, kwa hiyo hakikisha kuna ndoo yenye bomba iliyojazwa kabla ya zamu ya usiku kuanza.

Hatua ya saba: ukiwa kazini

Kuwa na daftari lako mwenyewe la zamu. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, wodi, na uombe sahihi ya muuguzi uliyekuwa naye. Piga picha ukurasa huo kila mwisho wa juma. Usipige picha wagonjwa wala kadi zao, hata kwa ajili ya kundi la WhatsApp la darasa.

Pesa ya mgonjwa isipitie mikononi mwako. Anayetaka kulipa mwelekeze kwenye kasa, dirisha la malipo. Matabishi, yaani bakshishi, yatakujia, kwani familia iliyomwona mgonjwa wake akihudumiwa vizuri hupenda kushukuru. Shukuru kwa maneno, ukatae pesa, hasa inayotolewa kabla ya huduma, kwa maana hiyo ni ya kununua foleni ya mtu mwingine. Usiuze dawa wala glavu kutoka katika mfuko wako wa bluzi.

Kuna jambo gumu utakalokutana nalo. Mgonjwa amepona, familia haina pesa ya kumaliza deni, na unaambiwa uketi mlangoni umlinde asitoroke. Msaidizi wa wauguzi hakuajiriwa kuwa mlinzi wa gereza. Sema kwa upole kwamba kazi hiyo haimo katika karatasi yako, kisha mfikishie habari za familia hiyo mhudumu wa jamii wa hospitali, kama yupo, au mkuu wa wodi, ili ipangiwe namna ya kulipa kidogo kidogo.

Hatua ya nane: usipolipwa, na siku ya kuondoka

Siku ya malipo ikipita, nenda kwa mhasibu ukiwa na daftari la zamu. Usipojibiwa, andika barua fupi kwa mkurugenzi, ukitaja idadi ya zamu na kiasi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Baada ya hapo ofisi ya Ukaguzi wa Kazi ndiyo inayopokea malalamiko ya mfanyakazi na kuwaita wote wawili kwa upatanisho, kabla ya shauri kufika mahakamani. Hata asiye na mkataba wa maandishi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine: daftari lenye sahihi, orodha ya zamu, ujumbe wa simu, ushahidi wa wenzake. Laiti ningalijua hilo nilipokuwa mwaka wa pili.

Unapoondoka, hata kama mmeachana kwa amani kabisa, omba cheti cha mwisho wa kazi kinachotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi uliyofanya, kwa kuwa sheria inamlazimu mwajiri kukitoa. Kiombe wiki hiyohiyo, kabla mkurugenzi aliyekufahamu hajahamishwa.